Wenzangu ni Wangapi?

Binti aliyepiga hodi alikuwa na kitambulisho shingoni, na alimtaja mwanamke aliyekuja kumwona kwa majina yake yote matatu. Mtaani mwanamke huyo aliitwa Mama Pasi. Alikuwa dobi, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, watu walimpa pasi. Majina yake kamili aliyasikia hospitali tu. Ndiyo maana yalipoitwa mlangoni kwake mchana kweupe, alijiona mkosaji kabla hajajua kosa lake ni lipi.

Aliiegesha pasi, akaweka kiganja juu ya tumbo lake la miezi sita. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kizingitini akikunja shuka za wateja.

"Shikamoo mama," binti alisema.

"Marahaba. Kama ni sabuni, tunayo. Kama ni dini, tunayo pia."

"Ni takwimu tu, mama. Nina maneno mawili na dada hapa, faragha."

"Faragha gani, mwanangu? Nyumba hii ina vyumba viwili na masikio sita."

Mama Pasi alimpeleka mgeni uani, wakasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Binti alifungua mkoba, akaanza kusema kwa haraka ya mtu aliyekwisha kusema hayo hayo kwenye nyumba nyingi.

"Tunatengeneza sajili ya watu wote wenye lupus katika wilaya hii. Tumepita hospitalini, kwenye maabara, kwa madaktari wa ngozi na wa figo, kila mahali. Tukijua wenye ugonjwa ni wangapi, na watu wa wilaya kwa jumla ni wangapi, ndipo tutajua ugonjwa umeenea kiasi gani. Wewe ulipimwa damu kliniki ya ngozi, miaka mitatu iliyopita. Nahakikisha tu kwamba bado unaishi hapa."

"Watu wenye nini?"

Binti alimtazama macho yaliyovimba, mashavu yenye wekundu uliovuka pua, tumbo, kisha miguu iliyojaa ndani ya ndala. Kazini waliambiwa kwamba kila atakayetembelewa ameshaelezwa na daktari wake. Sasa neno lilikuwa limemtoka, na neno si mbuzi kwamba utalifunga kamba ulirudishe zizini.

"Dada, hukurudi kuchukua majibu?"

"Nilirudi. Wakaniambia mashine mbovu, njoo wiki ijayo. Wiki hiyo mimba ikatoka, ya pili hiyo, na mimi sikutaka kuona hospitali tena." Alimshika mkono. "Ni ugonjwa gani huo? Una uhusiano na mimba?"

"Mimi si daktari, dada. Kazi yangu kuhesabu. Nikisema zaidi nitakosea." Lakini hakuondoka. "Nenda hospitali. Usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda wiki hii." Akamwandikia namba ya simu, akatoka kwa mlango wa uani kama aliyeiba.

"Alitaka nini yule?" mama mkwe aliuliza.

"Wanahesabu madobi."

"Madobi wahesabiwe ili iweje?"

"Sijui, Mama. Serikali."

Mama mkwe alirudi kwenye shuka zake. Uongo ule ulikuwa mfupi mno kumfunika mtu.

Mama Pasi alilitafuta neno lile kwenye simu, mgongo wake ukiwa umegeukia mlango. Alisoma kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kulinda, hugeuka ikaushambulia mwili wenyewe. Alisoma kuhusu viungo kuuma asubuhi, nywele kukatika, jua kuunguza ngozi. Yote hayo alikuwa nayo, na yote alikuwa ameyatafutia sababu: maji ya baridi, sabuni kali, mvuke wa pasi, uchovu. Akasoma kuhusu figo. Akasoma kuhusu mimba kuharibika. Akasoma kwamba hakuna dawa ya kuuondoa kabisa. Hapo aliizima simu na kuifunika kwa gunia la nguo, kana kwamba kilichomo kingeweza kutoka.

Hakumwambia mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, mtu mpole aliyezoea kutoa misumari mdomoni kabla ya kusema lolote. Mimba mbili zilizotoka hakuwahi kumlaumu kwazo. Ila Mama Pasi alikuwa amemsikia mama mkwe akimnong'oneza mwanawe siku moja, "Shamba likikataa mbegu mara mbili, mkulima hatazami shamba jingine?" Fundi alijibu, "Mama, mimi si mkulima." Wakaishia hapo. Lakini sasa shamba lilikuwa na jina la ugonjwa, na jina hilo lilikuwa limeandikwa mahali.

Hofu ikamfundisha ujanja. Alianza kuvaa soksi ndefu ili miguu isionekane. Alijifunga mtandio hadi kwenye mashavu, akisema jino linamuuma. Kila mara mtoto alipocheza tumboni, alishukuru. Kila mara mtoto alipotulia, yeye alisimama na pasi mkononi bila kupumua, akingoja, mpaka kitambaa kilipoanza kunuka.

Mtaa nao haukulala. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amekiona kitambulisho cha yule binti, akaona na nembo ya hospitali. Ilitosha. Wengine walisema Mama Pasi ameandikishwa kwa ugonjwa wa ngozi unaohamia kwenye nguo. Wengine walisema kuna orodha, na walio kwenye orodha watakuja kuchukuliwa na gari. Asubuhi moja alikuja mwalimu, mteja wake wa miaka mingi.

"Naomba nguo zangu, Mama Pasi."

"Bado mbichi, mwalimu. Nimezianika sasa hivi."

"Nitazianika nyumbani."

"Sijazipiga pasi."

"Hamna neno." Mwalimu alitoa mfuko wa plastiki, akauvaa mkononi kama glavu, akaziangua nguo zake kwenye kamba mwenyewe, moja moja, kwa ncha za vidole. Hakuwa mtu mbaya. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema kwa aibu, "Nina watoto wadogo, unajua."

"Najua, mwalimu."

Mama mkwe aliyaona yote. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, kikombe chake cha chai alikiosha mwenyewe na kukiweka juu ya kabati, mbali na vingine.

Fundi aliyasikia karakanani. Mteja mmoja alikuwa ameleta kochi la kubadilishwa kitambaa, wakawa wanabishana kuhusu rangi, mara yule mteja akasema, "Pole na matatizo ya nyumbani. Nasikia shemeji kaandikwa kwenye daftari la magonjwa."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Daftari gani?"

"Aa, mimi nimesikia tu."

Alifunga karakana, akaenda nyumbani kwa miguu bila kuvua aproni. Alimkuta mkewe ameketi chini kando ya meza ya pasi, jambo ambalo hakuwahi kuliona saa za kazi. Mtandio ulikuwa umeanguka. Uso aliouona haukuwa ule aliouacha asubuhi. Macho yalikuwa yamebaki mistari miwili.

"Umekuwaje?"

"Kichwa. Kitapoa."

"Vua soksi."

"Soksi zina nini?"

"Mke wangu, vua soksi."

Alipiga goti, akamvua mwenyewe. Akaubonyeza muundi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki. Katika kazi yake sponji nzuri hurudi ukiachia mkono. Inayobaki na shimo hutupwa. Alilifikiria hilo, nalo likamtisha kuliko lolote ambalo mtu angemweleza.

"Niambie."

Mama Pasi alimwambia. Alimwambia kuhusu binti, kliniki ya ngozi, majibu yaliyokaa miaka mitatu bila mwenyewe. Alimwambia alichosoma kwenye simu, akarukia la mwisho ambalo ndilo lililokuwa limemkaba. "Kama ni huu uliowatoa wale wawili, basi hata huyu… Nilikuwa nangoja acheze leo. Tangu asubuhi hajacheza vizuri."

"Umekaa na jambo hili peke yako siku zote hizi?"

"Ningekuambia nini? Kwamba umeoa mtu anayejila?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana ni tangu saa ngapi.

"Unaitwaje ugonjwa huo?" aliuliza.

"Lupus, Mama."

"Hilo jina la mbwa." Hakuna aliyecheka, na yeye hakukusudia kuchekesha. "Unaambukiza?"

"Hauambukizi. Ndivyo walivyoandika."

"Walioandika ndio hao hao walioweka majibu miaka mitatu." Alikaza kanga kiunoni. Bibi huyu hakuwa mkatili. Alikuwa mwoga. Wajukuu wawili aliwapokea yeye mwenyewe, wakiwa hawajatimia, akawafunga kwenye kitambaa kwa mikono yake, na alijiapiza kwamba wa tatu hatampenda mpaka amsikie akilia. "Mnangoja nini hapo chini? Mpeleke hospitali. Au mnataka nimzike na huyu?"

Hospitalini mpokeaji wagonjwa aliuliza bila kuinua macho, "Shida?"

"Mjamzito, amevimba, kichwa kinamuuma," Fundi alisema. "Na ana lupus."

Mpokeaji aliinua macho. "Nani kakwambia ana lupus?"

"Watu wa takwimu."

"Siku hizi takwimu ndio madaktari?" Aliwageukia wenzake, wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. "Faili lake liko wapi?"

"Hapa hapa kwenu, kliniki ya ngozi."

Faili lilitafutwa, halikuonekana. Waliambiwa wajawazito wote huvimba miguu, asinyanyue vitu vizito, apunguze chumvi, aje siku ya kliniki. Mama Pasi alikuwa tayari kuinuka. Maneno yale alikuwa akiyatamani: huvimba wote, nenda nyumbani. Lakini Fundi hakuinuka. Alitoka kibarazani akapiga ile namba ambayo mkewe aliandikiwa na binti wa takwimu.

Yule binti alisikiliza mpaka mwisho. Siku zote zile alikuwa hajalala vizuri. Alikuwa amemwambia mgonjwa jambo asiloruhusiwa kusema, kisha akamficha bosi wake, na kila simu ilipolia alidhani ni huyo bosi. "Baba, mimi siwezi kuingia wodini kumwamuru mtu," alisema.

"Sikwambii umwamuru mtu. Nakwambia majibu yake mnayo ninyi. Sisi hatuna."

Simu ilipokatika, binti alienda kugonga mlango wa daktari msimamizi wa sajili, mwanamke mkavu anayeogopwa na ofisi nzima.

"Ulimwambia?" daktari aliuliza.

"Nilidhani anajua."

"Sisi hatudhani. Tumeahidi watu kwamba siri zao ziko salama, wewe unazitangaza uani kwa mtu?" Alimfokea mpaka binti akalia. Huku akifoka alikuwa ameshanyanyua simu, na aliposikia sauti upande wa pili alibadilika ghafla. "Daktari wa figo yupo? Mpe. Kuna mama mjamzito kwenye benchi lenu hapo nje. Apimwe mkojo na presha sasa hivi, kabla hajarudishwa nyumbani."

Presha ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima tena akidhani kakosea. Mkojo ulitoa povu kama la sabuni aliyoizoea Mama Pasi kwenye beseni zake. Daktari wa figo, kijana mwenye sauti ndogo, aliwaeleza wote wawili bila kuzungukazunguka. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye figo. Zikiachwa zitakufa, na mtoto hataweza kukua. Kuna vidonge vya kuutuliza, vinavyofaa hata kwa mjamzito. Atalazwa, na mtoto ataachwa tumboni kwa kadiri mama atakavyoweza kumbeba.

"Na nisipoweza?" Mama Pasi aliuliza.

"Tutamtoa mapema."

"Mapema kiasi gani?"

"Kila wiki moja ni faida kwake. Tuanze na hii."

Kidonge kimojawapo hakikuwapo hospitalini. Fundi alizunguka na jina lake kwenye karatasi, duka baada ya duka. Katika duka la mwisho, kubwa, lenye milango ya vioo, muuzaji alitikisa kichwa.

"Hiyo huku hatuiweki, mzee. Huo ugonjwa huku haupo."

"Mke wangu anao. Yuko wodini."

"Mmoja. Nikiagiza kwa ajili ya mmoja, zingine nimuuzie nani? Huo ni ugonjwa wa nchi za mbali."

Fundi aliikunja karatasi yake. Kwa mara ya kwanza alielewa kazi ya yule binti: kama mtu angegonga nyumba zote na kurudi na hesabu, muuzaji huyu asingeweza kusema mmoja. Alirudi hospitali mikono mitupu, akamwambia daktari wa figo, daktari akampigia msimamizi wa sajili. Kesho yake vikaja vidonge ndani ya kipande cha gazeti, vya kutosha kungoja vingine viagizwe. Vilitoka kwa mgonjwa mwingine, mwanamke, aliyesema apewe tu, na jina lake lisitajwe.

Wiki zilizofuata Mama Pasi alijifunza hofu ya aina nyingine, ya kulala chali ukisikiliza tumbo lako. Muuguzi alikuja na kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, na kabla hakijashika sauti kulikuwa na kimya. Kila siku alikufa katika kimya kile, na kila siku alifufuka. Fundi alikuja mchana na jioni. Mama mkwe hakuja. Alituma uji, na sufuria iliporudi aliuliza swali moja tu, "Kaumaliza?"

Siku presha ilipokataa kushuka, daktari alisema mtoto atatolewa leo. Fundi alitia sahihi karatasi ya ruhusa. Alipogeuka alimwona mama yake ameketi kwenye benchi la korido, na kanga mpya mapajani, imekunjwa vizuri. Alitambua ni ya mtoto. Lakini hakujua ni ya kumbebea au ya kumfungia kama wale wawili, na aliogopa kuuliza. Mama yake naye hakujua. Wakaketi bega kwa bega, wakitazama mlango.

Mlango ulipofunguka, kilichotangulia kilikuwa kilio. Kidogo, cha hasira, kama cha paka aliyekanyagwa. Bibi alisimama. Muuguzi alipita haraka akisukuma kitoroli cha kioo. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa kike asiyezidi mkate mmoja, mwekundu, ngumi zimefumbatwa. Bibi alikimbilia kioo, akaweka uso wake pale mpaka kikaingia ukungu.

"Huyu analia," alisema. "Mnasikia? Huyu analia!" Akageuka kwa muuguzi. "Na mama yake? Mama yake yuko wapi? Mbona mnanionyesha mtoto tu?"

Mama yake alikuwa hai. Siku mbili hakumjua mtu, ya tatu akaomba maji.

Walipokwisha kurudi nyumbani, mtoto akiwa ameanza kufutika mikunjo ya ngozi, yule binti wa takwimu alikuja tena. Safari hii alisimama nje mpaka alipokaribishwa. Alikuwa amepewa onyo kazini, na aliomba radhi kabla ya kuketi.

"Ungekaa kimya, ningekufa nikisubiri kliniki," Mama Pasi alisema. Uso wake ulikuwa umejaa kwa sababu ya vidonge, mviringo kama wa mtu mwingine, na alikuwa bado hajauzoea. Kazi ya kuanika juani aliachishwa na daktari. Fundi alimfundisha kushona foronya za makochi, kivulini. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi, aliyekataa kumshusha.

"Nimekuja kuomba ruhusa yako. Ukikataa, tunakuondoa kwenye sajili, na hakuna litakalokupata."

"Nihesabu."

Binti aliuliza maswali yake. Viungo viliuma tangu lini, nywele, figo, mimba. Kisha akauliza, "Kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa kama huu?"

"Mama yangu. Alikuwa na mashavu mekundu hivi hivi. Vidole havikunjiki asubuhi. Mwisho alivimba mwili mzima. Walisema ametupiwa jini, na shangazi yangu akafukuzwa kwa kosa hilo."

"Alipimwa hospitali gani?"

"Hakupimwa. Alizikwa."

Kalamu ilisimama. "Huyo… siwezi kumwandika, dada. Tunahesabu waliothibitishwa tu."

"Kwa hiyo hesabu yenu imepungua," mama mkwe alisema kutoka kizingitini.

"Imepungua, bibi. Tunajua."

Mama Pasi alitazama mgongo wa mama mkwe, kile kichwa kidogo kilichochomoza kwenye kanga. Aliuliza kwa sauti ya chini. "Na huyu je?"

"Si lazima. Watoto wengi wa wenye lupus hawaupati. Muulize daktari, atakueleza vizuri kuliko mimi."

"Wenzangu ni wangapi?"

"Bado tunajumlisha."

"Sikuulizi wa kwenye vitabu. Walio hai. Hapa mtaani yupo hata mmoja? Yule aliyenipa vidonge, anakaa karibu?"

Binti alimtazama Mama Pasi kwa macho ya kuomba. "Siruhusiwi kusema, dada. Wewe pia sitakutaja kwa mtu."

Alipoondoka, Mama Pasi alibaki mlangoni. Jua lilikuwa kali, na mtaa umejaa watu wenye shughuli zao. Alimtazama kila mwanamke aliyepita. Huyu kajifunika mashavu kwa sababu ya vumbi, au? Huyu anashikilia kapu kwa kiwiko, vidole vina nini? Hofu ilikuwa bado imemkaa kifuani, kwa ajili ya figo zake, kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya duka ambalo mwezi ujao linaweza kusema tena kwamba dawa haipo. Haikupungua. Ila sasa ilikuwa na macho, ikitafuta wenzake.

Mwanamke mmoja alikuja akitembea taratibu, ameubana ukuta, akifuata ule mstari mwembamba wa kivuli, mtandio ameuvuta usoni.

"Dada," Mama Pasi aliita, kabla hajajizuia. "Karibu. Pumzika kidogo, jua kali."

Yule mwanamke alishtuka. Alikuwa mchuuzi wa vyombo, na hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amechoka tu, na tangu asubuhi hakuna aliyemkaribisha popote. Akatua mzigo wake kizingitini, akasema asante, akaketi.